Kabla ya kuirusha ndege ya rimoti, ipime gramu

Ndege yangu ya kwanza ilikuwa na mabawa ya mita 1 kutoka ncha hadi ncha. Maelekezo ya seti ya vipande niliyoiunganisha yalisema ikikamilika iwe na gramu 420. Yangu ilifika 560. Niliona kwenye mizani, nikajiambia mota itaivuta. Asubuhi moja, kwenye shamba la uwele lililokwisha kuvunwa upande wa Hombolo, niliirusha kwa mkono. Ikaenda hatua kama ishirini, nikainua pua ili ipande, bawa la kushoto likazama na ndege ikajikita kwenye mabua. Kazi ya jioni za miezi miwili ikaishia pale, na iliniuma sana.

Ndugu yangu unayeanza, ukiwa Dodoma uzito unakudai kuliko unavyomdai mwenzako wa Dar es Salaam. Mji wetu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 10 kuliko ya pwani. Bawa linabebwa na hewa, na propela nayo inasukuma hewa hiyohiyo. Ndege ileile ikija huku inabidi iende kasi zaidi kidogo ndipo ibaki juu. Jua la mchana likishapasha hewa, hali inazidi.

Zile gramu 140 zilitoka wapi? Nyingi zilikuwa gundi. Supaglu hugandishwa na unyevu wa hewani, na kiangazi cha Dodoma hakina unyevu wa kutosha. Niliweka tone, nikaona halishiki, nikaongeza lingine, na lingine. Siku hizi naweka tone moja tu, naunganisha vipande, kisha napumulia maungio kwa karibu. Pumzi ya mtu ina unyevu unaotosha. Penye muda natumia gundi nyeupe ya mbao, naipaka kwa kijiti cha meno na kufuta inayotoka pembeni kabla haijakauka.

Mkia ndio wa kuuogopa kuliko sehemu nyingine yoyote. Uko mbali na kitovu cha uzito, yaani pale ndege inapokaa sawa ukiiinua, kwa hiyo kila gramu yake inaning'inia kama ndoo kwenye ncha ya mti. Kwenye ndege yangu, gramu 5 za gundi mkiani zilinilazimisha kuweka karibu gramu 15 za risasi (ile metali nzito) puani ili ikae sawa. Chagua vipande vyepesi kabisa vya balsa, ule mbao mwepesi wa kuundia ndege hizi, kwa ajili ya mkia. Vipande viwili vya kipimo kimoja vinaweza kupishana sana uzito, kwa hiyo nunua mizani ndogo ya jikoni inayosoma gramu moja moja, na uandike kila kinachoingia.

Kwa meza, kipande cha jipsamu kilichobaki baada ya fundi siling kumaliza kazi kinafaa sana: kimenyooka na pini zinaingia. Tandika mchoro juu yake, kisha nailoni ya kufunikia madaftari ili gundi isishike karatasi. Bawa likikauka likiwa limepinda, halitanyooka kwa maombi. Plastiki ya kufunikia bawa inabandikwa kwa pasi. Anza na moto mdogo, vuta pande zote mbili kwa usawa.

Kitovu cha uzito kitafute betri ikiwa ndani. Mara nyingi kiko kati ya robo na theluthi ya upana wa bawa, kupimia ukingo wa mbele, lakini fuata alama ya maelekezo. Inua ndege kwa ncha za vidole chini ya mabawa: ikikaa sawa au ikiinamisha pua kidogo, vizuri. Ikiinamisha mkia, usirushe. Sogeza betri mbele kwanza. Risasi iwe ya mwisho.

Betri za lithiamu polima usiziache ndani ya gari juani. Kila seli ikijaa ni volti 4.2, na usiishushe chini ya 3.0. Ukiiweka wiki kadhaa bila kuitumia, iache kwenye 3.8 hivi.

Uwanja wa ndege wa Dodoma uko karibu kabisa na mji, kwa hiyo nenda mbali nao, na uulizie kwanza masharti ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Fika shambani jua linapochomoza, kabla upepo haujaamka.

Ya pili ilitoka na gramu 435. Safari hii nilitafuta shamba lenye nyasi, nikaielekeza kwenye upepo, nikaiachia ikiwa imelala sawa bila kuinua pua. Iliondoka mkononi yenyewe. Niliizungusha mara nne, mikono ikinitetemeka, nikapunguza mota na ikatua kwa tumbo karibu na miguu yangu.