Kwenda Lamu kutazama mechi na kurudi Mombasa siku hiyo hiyo

Ukiuliza kama unaweza kutoka Mombasa, kutazama mechi Lamu na kurudi siku hiyo hiyo, jibu ni hapana, haiwezekani. Mechi za ligi za chini hapa Lamu kwa kawaida huanza mnamo saa kumi, baada ya sala ya alasiri, na dakika 90 pamoja na mapumziko ya dakika 15 hukufikisha karibu saa kumi na mbili kasoro robo, hata kabla ya kuhesabu dakika za nyongeza. Jua nalo huzama kati ya saa kumi na mbili na dakika chache na saa kumi na mbili na nusu, kutegemea mwezi. Ukitoka uwanja wa Twaif, mjini Lamu, bado utalazimika kushuka gatini na kuvuka kwa boti hadi Mokowe, upande wa bara, na huko utakuta mabasi mengi ya Malindi na Mombasa yaliondoka tangu asubuhi. Mimi ni mkazi wa hapa, na mashabiki wa timu ngeni wanaokuja na wachezaji wao hulala mjini.

Ikiwa ni lazima urudi usiku huo, afadhali uchague mechi ya Malindi katika uwanja wa Alaskan, kwani kutoka hapo hadi Mombasa ni takriban kilomita 120 tu, na matatu hupatikana hata jioni. Ila mwezi wa Ramadhani usitegemee saa hizi, kwa sababu mashindano ya mitaani aghalabu huhamishiwa usiku, baada ya tarawehe.