Kioo badala ya gundi ya manjano kwenye LED

Je, kioo kipya kinachowekwa kwenye taa za LED kinachukua nafasi ya chipu, kile kipande kidogo kinachotoa mwanga? Hapana. Kinachukua nafasi ya ile gundi ya manjano iliyo juu yake. Tazama LED nyeupe ikiwa imezimwa, utaona kidoa cha manjano kama kiini cha yai. Chipu iliyo chini yake hutoa mwanga wa bluu, wenye urefu wa wimbi wa kama nanomita 450, na unga uliomo kwenye gundi, mara nyingi YAG (aina ya fuwele) iliyotiwa metali ya seriamu, hugeuza sehemu ya bluu hiyo kuwa manjano. Jicho likipokea zote mbili kwa pamoja, linaona nyeupe.

Tatizo ni hiyo gundi yenyewe, epoksi au silikoni. Ikikaa kwenye joto muda mrefu huchakaa, epoksi hasa hugeuka rangi, na mwanga hufifia. Kioo huvumilia joto. Unga unachanganywa na kioo kilichosagwa, vinachomwa pamoja, basi.

Wengine wanatia disprosiamu, metali nyingine, moja kwa moja kwenye kioo kinapoyeyushwa. Hiyo hutoa bluu karibu na nanomita 480 na manjano karibu na 575, yaani weupe kutoka kwenye kitu kimoja. Inavutia kwenye maabara, ila disprosiamu hufyonza mwanga kidogo mno na nyekundu yake ni haba, kwa hiyo ngozi ya mtu huonekana imepauka. Mimi ningeweka matumaini kwenye ile njia ya kwanza, ya unga ndani ya kioo, hasa kwa taa zenye nguvu kubwa.