Nyumba ya kale ya Lamu kuwa lokesheni ya tamthilia: msiguse rangi kwanza

Dada uliyeuliza kuhusu nyumba ya babu yenu pale Langoni, kwamba watu wa tamthilia wanaitaka wiki tatu na ndugu zako washaanza kuulizia bei ya saruji na rangi: wazuieni. Kinachowaleta watu hao ni hizo kuta, zidaka (vishubaka vya ukutani) na mwanga unaoshuka kiwandani, yaani ua wa ndani. Ukuta wa mawe ya matumbawe hupumua kupitia chokaa. Ukiupiga saruji au rangi ya plastiki, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, plasta huvimba kisha humomonyoka. Palipobanduka zibeni kwa chokaa iliyolowekwa vizuri, sehemu 1 kwa 3 za mchanga, tabaka nyembamba nyembamba, kila moja ikikauka polepole chini ya gunia bichi. Tena, Mji wa Kale uko kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2001; jambo lolote la kubadili jengo, hata la muda, lipitisheni kwanza kwa ofisi ya Makavazi ya Taifa hapo Lamu.

Tatizo la pili ni upana. Vyumba vyetu vilifuata urefu wa boriti ya mkoko, kwa hiyo vingi havifiki mita 3, na kamera haina pa kurudi nyuma. Mwongozaji mgeni atataka kung'oa mlango au kubomoa kizuizi. Mkatalieni, mumwonyeshe kupiga kwa urefu: kamera ikae kiwandani, itazame msana (ukumbi mrefu mwembamba) wa kwanza, wa pili, mpaka ndani. Nyumba ya Lamu imejengwa ionekane hivyo, na picha hupata kina bila kuvunja hata jiwe.

Taa zisitundikwe kwenye boriti kabisa. Boriti kuukuu huonekana nzima, kumbe kichwa kilichozama ukutani kimeoza au kimeliwa na mchwa. Watumie stendi zenye mifuko ya mchanga, na ghorofani vifaa vizito vikae kando ya kuta, si katikati ya chumba. Tepu nayo ni marufuku kwenye chokaa: ikibanduliwa huondoka na ngozi ya ukuta. Mishumaa isiwashwe ndani ya zidaka, masizi hayo hayatoki.

Umeme ndio unaonitia hofu zaidi. Taa ya zamani ya wati 2,000 kwa volti 240 huvuta ampea 8 na ushei. Mbili kwenye ekstensheni moja zinapita 16, na fyuzi ya plagi ni 13. Fyuzi haikatiki papo hapo. Waya hutangulia kupata moto, hasa ukiachwa umeviringishwa, na juu yenu kuna makuti. Waje na taa za LED na jenereta yao, soketi za nyumba ziwe za kuchajia betri tu. Lakini jenereta hiyo itavuka kwa boti kutoka Mokowe, gati la bara, kisha mkokoteni. Pimeni uchochoro ulio mwembamba kuliko yote na mlango wenu, muwape vipimo kabla hawajakodi chochote.

Sauti: chokaa hurudisha mwangwi, hivyo watandike mikeka na mablanketi pasipoonekana. Pampu na friji zizimwe. Ratiba ya mazungumzo ipangwe kando ya adhana, maana misikiti iko karibu karibu.

Maji yahesabuni mapema. Watu 40 kwa lita 20 kila mmoja ni lita 800 kwa siku, na shimo la choo la familia halihimili hilo. Vyoo wajitafutie wenyewe.

Darini kuna suala la stara. Kamera ikipanda huko inaona nyua za majirani na wake zao. Kubalianeni kwa maandishi pande zipi lenzi haielekei, na mwende nyumba kwa nyumba kuomba radhi kabla. Droni inahitaji kibali cha KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga. Kitakeni mkione, pamoja na leseni ya kupiga filamu ya KFCB, bodi ya filamu.

Mkataba wasaini warithi wote, na kama nyumba ni wakfu, msimamizi wake ndiye mwenye kauli. Siku za kujenga seti na za kurudisha nyumba ilivyokuwa zilipwe pia. Takeni bima ya ajali na uharibifu, na picha za kila ukuta zenye tarehe. Amana msiirudishe siku wanapofungasha vyombo; subirini fundi wa chokaa apite, kwani nyufa na unyevu hujitokeza baada ya wiki moja au mbili.