Maswali ya Wasomaji: Jazi-Fanki, Jukwaani na Kwenye Santuri

Barua za wapenzi wa jazi-fanki zimekuwa nyingi kuliko kurasa tulizo nazo. Tumechagua zile ambazo majibu yake yatawafaa wengi.

SWALI: Ndugu mhariri, mimi na wenzangu tumebishana kuhusu "Chameleon", wimbo wa mpiga piano Mmarekani Herbie Hancock. Mmoja anasema ya studio ndiyo yenyewe, mwingine anashikilia za jukwaani. Tuanze na ipi, na tusikilize nini hasa?

JIBU: Anzeni na ya studio, iliyomo kwenye albamu ya Head Hunters ya 1973, kwa sababu humo kila ala imepewa nafasi yake na sikio linaweza kuifuata bila kupotea. Wimbo una dakika 15 na sekunde 41. Besi inayoufungua si gitaa la besi. Ni sintesaiza, kinanda kinachounda sauti kwa umeme, aina ya ARP Odyssey, na anayeipiga ni Hancock mwenyewe. Paul Jackson, mpiga besi wa bendi, anaingia baadaye akipiga noti za juu kabisa za gitaa lake, ndiyo maana wengi huapa kwamba wamemsikia mpiga gitaa la solo. Bendi ile haikuwa na mpiga gitaa. Ile sauti kavu inayochomachoma katikati ya dramu ni klavineti, aina ya kinanda cha umeme, nayo pia iko chini ya vidole vya Hancock.

Mkishalijua hilo, sikilizeni mara tatu. Mara ya kwanza fuateni besi peke yake. Mara ya pili shikeni dramu za Harvey Mason, hasa mguu wa kulia. Mara ya tatu mtafuteni Bill Summers na ala zake za kugonga, kwani yeye ndiye anayeziba kila pengo. Kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, ni mbili tu, B-flati maina 7 na E-flati 7, zikipokezana kipimo kwa kipimo. Karibu na nusu ya safari mdundo unageuka, na piano ya umeme ya Rhodes inashika usukani. Ukitoka hapo kabla haijamaliza solo yake, hujausikia wimbo.

Kisha ndipo mwende kwenye Flood, albamu ya jukwaani iliyorekodiwa Tokyo mwaka 1975. Kwa muda mrefu iliuzwa Japani tu, kwa hiyo msishangae mkikuta mashabiki wakubwa wa Hancock hawajawahi kuiona. Mpiga dramu hapo ni Mike Clark, aliyeingia kwenye bendi wakati wa Thrust, albamu ya 1974. Mason huukalia mdundo ukatulia, Clark huukatakata vipande vidogo akavigawa kati ya mikono na mguu, na huo ndio ugomvi wenu wote ulipolala. Kuupima vizuri, acheni "Chameleon" kwanza, mlinganishe "Actual Proof" ya Thrust na ile ya Flood. Mpiga dramu ni huyohuyo, ila jukwaani Hancock anapiga piano ya kawaida isiyo ya umeme, na Clark na Jackson wanamjibu kwa ukali ambao studio haikuwa nao. Kwangu mimi, hakuna somo bora zaidi la jinsi wimbo mmoja unavyobadilika ukitoka studio.

SWALI: Kwenye majalada ya bendi ya Hancock ya kabla ya Head Hunters nimeona Mwandishi, Mganga, Jabali. Walikuwa Waswahili?

JIBU: Wote ni Wamarekani. Ni wakati ambapo wanamuziki weusi wengi wa Marekani walijichukulia majina ya Kiafrika, na mpiga ngoma James Mtume ndiye aliyempa Hancock jina la Mwandishi. Buster Williams wa besi akawa Mchezaji, Billy Hart wa dramu akawa Jabali, Bennie Maupin wa saksofoni akawa Mwile, Julian Priester wa tromboni akawa Pepo Mtoto. Eddie Henderson wa tarumbeta aliitwa Mganga, na kweli alikuwa daktari aliyesomea. Albamu zao ni Mwandishi ya 1971, Crossings ya 1972 na Sextant ya 1973. Usizitafute kwa kucheza. Ni muziki wa kukaa na kusikiliza. Bendi ilipovunjika, Maupin peke yake ndiye aliyevuka na Hancock kwenda Head Hunters.

SWALI: Nimesimama karibu na jukwaa, nikasikia dramu na gitaa tu. Mara ya pili nikasimama pembeni, besi ikapotea. Mara ya tatu nyuma kabisa, besi ikawa nzito hadi inanguruma. Mahali pazuri ni wapi?

JIBU: Kila mahali uliposimama pana sababu yake. Mbele kabisa, sauti ya spika kubwa za ukumbi inapita juu ya kichwa chako. Unachosikia ni dramu zenyewe na spika za wanamuziki zilizo jukwaani, huku tarumbeta, saksofoni na sauti za waimbaji zikienda kwa walio nyuma yako.

Pembeni ni suala la mawimbi. Spika za besi zikiwa zimewekwa kushoto na kulia, sauti zake hukutana na kufutana popote unapokuwa karibu na upande mmoja kwa nusu ya urefu wa wimbi. Sauti ya hezi 60, yaani mitetemo 60 kwa sekunde, ina wimbi la takriban mita 5.7, kwa hiyo ukiwa karibu na spika moja kuliko nyingine kwa mita 2.9 hivi, noti hiyo inazama, na noti nyingine za besi zinasikika vizuri tu. Ndiyo maana mashabiki wawili waliokuwa ukumbi mmoja hurudi wakibishana kuhusu mpiga besi. Usimlaumu, sogea mita moja au mbili kuelekea katikati, atarudi. Na nyuma, ukuta huurudisha mlio wa chini na kuuongeza, hasa kwenye kona.

Kwa hiyo simama kwenye mstari wa katikati, umbali kutoka kila spika ukilingana na nafasi iliyopo kati ya spika mbili. Ukishindwa kukadiria, nenda mbele kidogo ya meza ya fundi sauti. Yeye anachanganya kwa anachosikia pale.

Na masikio uyalinde. Mapendekezo ya afya kazini ni saa 8 kwa desibeli 85, na kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu. Kwa desibeli 100 zimebaki dakika 15. Onyesho la saa mbili linapita hapo mbali. Vizibo vya sponji hukata zaidi sauti za juu, matoazi yakapotea na muziki ukawa kama unatoka chumba cha pili. Nunua vyenye kichujio, vinavyopunguza desibeli 15 hadi 20 kwa usawa. Utamsikia mpiga dramu na kengele zake zote.

SWALI: Bendi tunayoipenda imekubali tuwarekodi. Tuna kinasa sauti cha mkononi na maiki mbili. Tufanyeje? Simu zetu hutoa sauti inayopanda na kushuka.

JIBU: Kupewa ruhusa ni bahati kubwa. Soulive na Lettuce ni mfano wa bendi za aina hii ambazo rekodi za mashabiki wake zimehifadhiwa wazi kwenye hazina ya mtandaoni ya Live Music Archive, na zinasikilizwa mpaka leo kwa sababu waliorekodi walijua kazi yao.

Simu hupandisha na kushusha kwa sababu inajirekebishia kiwango yenyewe: kila teke la ngoma kubwa linaibana sauti yote, kisha inaachia. Zima hicho kipengele, au tumia programu inayokuruhusu kuweka kiwango kwa mkono. Kwenye kinasa sauti, weka biti 24 na kilohezi 48. Saa moja ya stereo itachukua takriban gigabaiti 1.04, kwa hiyo kadi ndogo haileti shida. Kiwango kipimwe wimbo wa kwanza, si wakati wa majaribio, kwani bendi hupiga kwa nguvu zaidi watu wakishajaa na huzidi kupanda hadi mwisho. Vilele vya sauti vikae kwenye desibeli -12, yaani 12 chini ya kikomo cha kinasa. Kuacha nafasi hakugharimu kitu kwenye biti 24, ila sauti iliyopasuka haitengenezeki. Waliozoea vinasa vya biti 32 vya floti, vinavyovumilia sauti kubwa mno, wasijiamini kupita kiasi: maiki yenyewe ikizidiwa na besi, faili litahifadhi mpasuko huo kwa uaminifu wote.

Maiki ziwe juu ya vichwa, mita 2.5 hadi 3, kwenye stendi iliyofungwa imara. Mkiwa karibu na ukumbi hauna mwangwi mwingi, tumieni mpangilio wa ORTF, uliotoka redio ya Ufaransa: maiki mbili zimeachana sentimita 17, zikitazama nje kwa pembe ya nyuzi 110. Mkiwa mbali, au ukumbi ukirudisha sauti, zikutanisheni vichwa kwa pembe ya nyuzi 90. Kichujio cha kukata besi kwenye hezi 80 kizimwe kabisa. Uzi wa E, wa chini kabisa kwenye gitaa la besi, ni hezi 41. Mkikata hapo mmekata muziki wenyewe.

Fundi sauti akiwapa waya kutoka mezani kwake, uchukueni, lakini usitumike peke yake. Kwenye ukumbi mdogo dramu na besi zina sauti ya kutosha jukwaani, hivyo fundi hazipandishi, na mezani mtapata saksofoni na waimbaji wakielea hewani bila kitu chini yao. Dawa ni kuchanganya. Anzeni na maiki, kisha pandisheni waya polepole mpaka mwanzo wa kila noti ya tarumbeta uwe mkali. Kumbukeni sauti husafiri mita 343 kwa sekunde: maiki zikiwa mita 20 kutoka kwenye spika, zinachelewa milisekunde 58 nyuma ya waya, na kila pigo la ngoma ndogo litasikika mara mbili. Sogezeni waya nyuma kwa kiasi hicho, halafu mrekebishe kwa macho mkitumia pigo moja safi.

Mkitumia vinasa viwili, tatizo litarudi mlangoni. Saa za ndani za mashine mbili hazilingani. Tofauti ya sehemu 20 kwa milioni inafika milisekunde 72 baada ya saa moja. Mwanzo unapendeza, kufikia wimbo wa nane mpiga dramu ameshakuwa wawili. Linganisheni pigo la kwanza na la mwisho, kisha mnyooshe au mfupishe faili moja likae sawa kati ya hayo mawili. Kinasa chenye njia nne kinawaondolea adha hiyo yote.

SWALI: Tugawane kwa MP3 au kwa FLAC? Na kwa nini nikikata onyesho kuwa nyimbo nyimbo nasikia "tik" kati ya wimbo na wimbo?

JIBU: FLAC. Hainyofoi chochote, na hupunguza faili karibu nusu. MP3 ikigeuzwa na mtu mwingine kuwa MP3 tena, matoazi huanza kutoa sauti ya maji. Kuhusu "tik": CD hugawa sauti vipande vya sampuli (vipimo vidogo vya sauti) 588, yaani sehemu 75 kwa sekunde. Ukikata katikati ya kipande, programu ya kuchoma CD hujaza nafasi iliyobaki kwa kimya, na bendi inayounganisha nyimbo bila kupumua inakatwa koo. Kata kwenye mipaka hiyo. Programu nyingi za kuhariri zina mpangilio wa kukupeleka hapo. Andika pia kwenye faili la maelezo maiki zilizotumika, zilikaa wapi na hatua zote hadi FLAC.

SWALI: Kwenye video za bendi ya Snarky Puppy watu wamekaa katikati ya bendi wamevaa hedifoni. Ni mapambo?

JIBU: Hapana, ni kazi. Albamu yao ya We Like It Here ilirekodiwa Utrecht, Uholanzi, Oktoba 2013, ndani ya studio na watazamaji humohumo. Kukiwa na spika chumbani, sauti yake huingia kwenye kila maiki na hakuna chombo kinachoweza kurekebishwa peke yake. Hedifoni zinaondoa spika, watazamaji wanabaki, na mpiga ala anaona uso wa anayemsikiliza. Sikiliza wimbo wake wa "Lingus" na solo ya Cory Henry kwenye sintesaiza, kisha chukua albamu yao ya Royal Albert Hall, iliyorekodiwa London Novemba 2019, ambako ukumbi mzima umo ndani ya sauti. Ya kwanza ni safi, ya pili ina joto. Mimi hurudi zaidi kwenye ya kwanza.

SWALI: Nimenunua Head Hunters ya santuri, ya mkono wa pili. "Chameleon" iko safi, lakini "Watermelon Man" inakwaruza. Muuzaji amenidanganya?

JIBU: Huenda hana kosa. Upande wa kwanza una dakika 22 na zaidi, na "Watermelon Man" imekaa ndani, karibu na lebo. Kwenye mzunguko wa 33⅓, mfereji hupita chini ya sindano kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde ukingoni, na 21 tu kule ndani. Mawimbi yaleyale yamebanwa kwenye nafasi ndogo, na sindano iliyokaa kombo kidogo inashindwa kuyafuata. Pumzi za Summers anazopuliza kwenye chupa ya bia mwanzoni mwa wimbo ndizo zitakazokuonyesha kwanza.

Jaribu santuri nyingine unayoamini. Ikikwaruza vilevile mwishoni, tatizo ni mashine yako. Chapisha kipimo cha Baerwald, karatasi ya kupangia sindano, uisawazishe katriji, yaani kichwa kinachoishika sindano, kwenye milimita 66 na 120.9 kutoka katikati. Uzito wa sindano uwe ule ulioandikwa na watengenezaji, mara nyingi gramu 1.5 hadi 2.5; wepesi uliozidi huharibu mfereji kuliko uzito uliozidi kidogo, kwa sababu sindano hurukaruka ukutani. Kama sindano ina zaidi ya saa 1,000, ibadilishe kabla ya lolote. Ikiwa ncha yake ni ya duara, yenye ncha ya yai itakusaidia sana kule ndani.

Santuri nyingine ikiwa safi mpaka mwisho, ioshe hii kwa maji yaliyotoneshwa, uiache ikauke, uijaribu tena. Ikiendelea kukwaruza palepale, mfereji umelika na hakuna cha kuurudisha. Hapo mrudie muuzaji.