Kabla hujaposti "Talmudi inasema", soma na mstari wa chini yake

Hii nawaandikia nyie mnaopenda kuchimba vitabu vya dini za wenzetu usiku usiku na bando la kuungaunga, maana mimi nilishaumbuka.

Mwaka juzi kwenye grupu letu la WhatsApp, grupu lina mashehe, wachungaji na sie wadandiaji, nikaposti kwa madaha kabisa kwamba Talmudi, kile kitabu kikubwa cha mijadala ya marabi wa Kiyahudi, inasema Wayahudi hawana Masihi wa kumsubiri tena, kasema Hillel mwenyewe, yule mwanachuoni wao maarufu, sehemu inayoitwa Sanhedrin ukurasa wa 99, na skrinshoti nimeipigia mstari mwekundu. Hazikupita dakika kumi, mzee mmoja aliyewahi kufundisha theolojia, wote tunamwita Mwalimu, akajibu: "Kijana, soma mstari unaofuata halafu ndo urudi."

Nikasoma. Mstari unaofuata kuna Rav Yosef, mwanachuoni wa Babeli aliyekuwa kipofu, anasema Mola wake amsamehe Rabi Hillel kwa neno hilo. Halafu anamsuta kwa hesabu ya miaka tu. Rabi Hillel alidai Waisraeli fungu lao la Masihi walishalila zamani enzi za mfalme Hezekia, sasa Hezekia si alikuwa wakati wa Hekalu la kwanza? Na Zekaria katabiri wakati wa Hekalu la pili, "Furahi sana, Ee binti Sayuni", mfalme wako anakuja, sasa kama alishapita huyo anayetangazwa ni nani? Yaani nilichobandika mimi ni kauli ya mtu mmoja aliyejibiwa palepale. Na kibaya zaidi hata Hillel siye! Hillel yule maarufu wa enzi za Herode huwa hatajwi kwa cheo cha rabi, huyu ni mwingine kabisa.

Kwa hiyo cha kwanza, ukikutana na "Talmudi inasema" uliza nani kasema na nani kamjibu. Kile kitabu ni baraza, unaingia watu washaanza kubishana na hakuna anayesimama kukupa muhtasari. Sentensi ya kwanza kabisa ya Mishna, ile matini ya sheria ambayo Talmudi inaijadili, ni swali, kwamba Shema ya jioni, yaani tamko la imani la Wayahudi, inasomwa kuanzia saa ngapi, na hujakaa vizuri ushasikia majibu matatu ya mwisho wake ni lini.

Cha pili, angalia pembeni. Mimi nilikuwa nasoma tafsiri ya Kiingereza kwenye simu, matini peke yake. Kwenye Talmudi iliyochapwa matini inakaa katikati, Rashi, yule mfafanuzi Mfaransa wa Troyes aliyefariki 1105, anakaa upande wa mshono wa kitabu, na upande wa nje wanakaa Tosafot, wafafanuzi waliomfuata, wengine wajukuu zake hao hao na kazi yao kubwa ni kumpinga babu. Sie tuliosoma chuoni Tanga tumekua na vitabu vyenye hashiya, yaani maelezo ya pembeni, tunajua kabisa ustadhi hakuachii matini bila hashiya, lakini nilipofika kwa Wayahudi nikasahau yote, sijui kwa nini, labda kwa sababu cha wenzako unakisoma kwa haraka. Basi Rashi hapo anasema Rabi Hillel hakumaanisha kwamba hakuna ukombozi, alimaanisha Mungu mwenyewe atatawala na atawakomboa peke yake. Umeona? Hata aliyeshindwa kuna mtu kampa mto wa kuegemea.

Na mjadala haukuishia hapo, na hii ndo sehemu iliyonifanya nisilale. Maimonides, mwanachuoni mkubwa wa Kiyahudi wa karne ya 12, kwenye ufafanuzi wake wa Mishna aliouandika kwa Kiarabu ila kwa herufi za Kiebrania (kama wazee wetu walivyoandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu), akaweka misingi 13 ya imani, wa 12 ni Masihi, na anayeukana msingi huyo si mwenzetu. Karne ya 15 huko Hispania akaja Joseph Albo na kitabu alichokimaliza 1425, akauliza kitu rahisi tu, sasa Rabi Hillel tumweke wapi? Alisema hakuna Masihi, na bado Talmudi inamwita rabi na kauli yake imehifadhiwa. Basi alikosea, lakini hakutoka kwenye dini. Kwa hiyo Masihi ni wa kuaminiwa ndiyo, ila misingi yenyewe ni mitatu, Mungu yupo, Torati imetoka mbinguni, na kuna malipo ya mema na mabaya.

Sasa usimsome Albo bila kujua alitokea wapi. Alikuwa mmoja wa Wayahudi waliokaa kwenye mdahalo wa Wakristo na Wayahudi huko Tortosa, Hispania, 1413 hadi 1414, Myahudi aliyeingia Ukristo akiwachomolea mistari ya Talmudi ili kuwathibitishia kwamba Masihi alishakuja. Kuchomoa mstari! Nilipofika hapo nikaikumbuka ile skrinshoti yangu, nikafunga simu kabisa. Ndo maana wapo wasomi wanaoona Albo alimshusha Masihi ngazi moja kwa sababu ya kipigo kile. Mimi naona hoja yake inasimama hata bila Tortosa, ila simlaumu anayeona vingine.

Kuhusu kuanza, usianze na ule utaratibu wa ukurasa kwa siku ulioanza 1923. Kurasa ni 2,711, miaka saba na nusu, mimi nilichemka siku ya tisa. Shika swali moja ulifuate linakokwenda, mimi hilo moja limenila miezi minne. Matini tovuti ya Sefaria wanayo bure.

Mwalimu mpaka leo ananiita Rabi Hillel mbele za watu. Nikimwambia aache ananijibu kwamba Albo kasema cheo hakijavuliwa.