Springi haziongezi tani

SWALI: Shikamoo fundi. Nina pikapu ya Toyota Hilux, kebini mbili. Nimenunua kanopi (kifuniko cha bodi ya nyuma) ya faibaglasi iliyoinuliwa paa, mtu anakaa kitandani bila kuinamisha shingo. Nataka gari liwe la kulala safarini: kitanda cha plaiwudi chenye droo chini yake, friji, betri mbili, na tangi la maji la lita 100 nyuma kabisa, karibu na mlango, ili bomba liwe rahisi kufikia. Desemba tunakwenda Ruaha, mimi, mama watoto na watoto wetu wawili. Fundi wa springi kaniambia tukiongeza mabamba mawili kila upande, gari litabeba tani mbili bila kukaa chini. Je, mawili yanatosha au niweke matatu? Na plaiwudi ya milimita 18 inafaa? Nimekutumia picha ya kibao cha mlango na mchoro wa kitanda. Ndani ya kanopi nimeshachomelea fremu ya chuma, na nitaongeza bampa la chuma tu. (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba. Usiweke mawili wala matatu. Weka sufuri kwanza, halafu tukae tupige hesabu. Habari ya plaiwudi itakuja yenyewe humo humo.

Sijui nani aliwaaminisha watu wa mji huu kwamba springi ndiyo inayobeba mzigo. Haipiti wiki bila mtu kuniletea gari limenyanyuliwa matako juu kama panzi, anatabasamu, ananiambia "sasa hivi inabeba tani mbili hii". Springi kazi yake ni kuliweka gari kwenye kimo chake na kumeza mashimo. Mzigo unabebwa na chasisi, ekseli, beringi, rimu, tairi, na ukitaka kusimama unabebwa na breki. Ukiongeza bamba la springi, hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichopata nguvu mpya. Mpagazi wa Kariakoo ukimvalisha buti nene, goti lake ni lile lile.

Picha ya kibao cha nguzo ya mlango uliyonitumia inasema uzito wa juu kabisa ni kilo 2,900. Kadi yako inasema gari tupu ni kilo 1,960. Kwa hiyo una kilo 940, na humo mnaingia ninyi wenyewe. Watu wengi hapo ndipo wanapojisahau: wanadhani 940 ni za kule nyuma peke yake.

Haya. Watu wanne, weka kilo 220. Dizeli lita 80 ni kama kilo 67. Kanopi ya paa la juu, na ile fremu ya chuma uliyosema umeichomelea ndani, tusiidanganye, weka 140. Plaiwudi ya milimita 18, karatasi nzima ya futi nane kwa nne, ni kati ya kilo 30 na 40 kulingana na mti wake. Mchoro wako unataka karatasi tano, basi 175. Tangi la maji likijaa, 110. Betri mbili za asidi za ampea-saa 100, kilo 60. Friji na vilivyomo, 45. Mtungi mdogo wa gesi ukiwa umejaa, 13. Turubai la kivuli na nguzo zake, 20. Tairi la akiba la pili, jeki na sepetu, 50. Magodoro, mabegi, unga, mchele, sufuria, 100.

Jumla kilo 1,000. Umeshapita 60, na hujatoka Tabata. Na bampa la chuma ulilolitaja mwishoni kama jambo dogo sijaligusa.

Sasa tangi. Umewahi kuona mkokoteni uliopakiwa vibaya, mzigo wote nyuma ya magurudumu? Mvutaji anabaki ananing'inia kwenye mikono yake. Hilux ya kebini mbili ina mita tatu na kidogo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na sehemu kubwa ya bodi yake ya mizigo iko nyuma ya ekseli, maana kebini imekula nafasi. Kilo 110 za maji ukiziweka mita moja nyuma ya ekseli, ekseli ya nyuma inasikia kilo 145 hivi, na ekseli ya mbele inapunguziwa kama 35. Mbele ndiko kwenye usukani, na ndiko breki zinakofanya kazi kubwa. Mteremko wa Kitonga si mahali pa kugundua kwamba tairi za mbele zinagusa lami kwa adabu tu.

Kinachonikera zaidi kuhusu mabamba ya kuongeza ni kwamba yanaua shahidi. Gari lililozidishiwa mzigo likiwa na springi zake za kiwandani linakaa chini, taa zinamulika juu, raba za kugotea zinagonga kwenye kila tuta. Linasema lenyewe. Ukilikaza, linasimama vizuri, unapiga picha, unarusha kwenye kundi la WhatsApp. Uzito ni ule ule, ila hauonekani tena. Na kwa kuwa springi sasa ni ngumu, kila shimo linapanda moja kwa moja kwenye chasisi.

Mwaka juzi niliingiza mikono chini ya pikapu moja ya namna hii, ya familia, imetoka safari ya Kusini. Mwenyewe aliileta kwa sababu "mlango wa nyuma wa kushoto unagoma kufunga". Nilitazama mwanya ulio kati ya kebini na bodi. Juu viliingia vidole vitatu, chini kilibana kimoja. Mwanya ule hutoka kiwandani ukiwa sawa juu mpaka chini, kwa hiyo mkia ulikuwa umeanza kushuka. Nikafuta matope kwenye chasisi, nyuma kidogo tu ya kebini, nikaona mstari mwembamba kama unywele, umetoa machozi ya kutu, umeanzia kwenye tundu ambalo fundi fulani alilitoboa ili afungie fremu ya kanopi. Gari lilikuwa na mabamba matatu ya ziada kila upande. Springi zilikuwa salama kabisa, hata rangi haijabanduka.

Kuna wengine ni wabaya kuliko hao. Wanachukua springi ile ile iliyochoka, wanaipasha moto mpaka inakuwa nyekundu, wanaipinda kwa nyundo kuirudishia upinde, wanaizima kwa maji au oili chafu. Chuma cha springi kinapata unyumbufu wake kwa kupashwa na kupozwa kwa vipimo. Ukikichoma kwa macho, unapata chuma laini kitakachokaa chini tena baada ya miezi michache, au kigumu kama kioo kitakachokatika siku umebeba watoto. Fundi akikuambia "tunaipiga moto tu kidogo", chukua funguo zako uondoke. Na anayetaka kuchomelea kitu chochote moja kwa moja kwenye chasisi, naye muage kwa heshima.

Najua utaniambia, maana wote mnaniambia: "Mbona Australia wanaongeza?" Kweli, wanaongeza. Wanaongeza kwa seti iliyopimwa, springi na shokapu zake pamoja, mhandisi anaidhinisha, na gari linapewa kibao kipya chenye uzito mpya. Wanaofunga vya mtaani bila hayo, nao chasisi zinapinda kama za kwetu. Wewe umeiona video ya dakika nne, hukuona makaratasi. Na zile video za Wamarekani zisikuchanganye, pikapu nyingi wanazotumia kwa kazi hii si za ukubwa wa Hilux.

Utetezi mwingine ninaousikia ni wa mizani. "Vigwaza sijawahi kuambiwa niingie, kwa hiyo sijazidisha." Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari, tuliyoanza kuitumia Machi 2019, inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500. Hukuitwa kwa sababu pikapu haiwahusu. Wao wanalinda barabara, chasisi yako hakuna aliyeajiriwa kuilinda.

Kwako wewe, anza kupunguza. Plaiwudi ya milimita 9 kwenye fremu nyepesi ya mbao au ya alumini inabeba watu wawili waliolala bila taabu, na umeokoa kama kilo 85. Ile ya 18 waachie watengeneza makabati. Maji beba lita 40 kwenye madumu mawili, yakae mbele kabisa ya bodi, yameegemea ukuta wa kebini, yamefungwa kwa mikanda. Njiani kote mpaka Iringa maji yapo, utajaza. Betri moja ya lithiamu ya ampea-saa 100 ina kilo 12 hivi, na inakubali kutumika karibu yote, wakati ya asidi ukiishusha chini ya nusu mara kwa mara unaiua. Bei yake inauma, lakini hapo umeokoa kilo 48. Jumla ni zaidi ya kilo 190, umerudi ndani ya kibao na umebakiwa na kama 130. Bampa la chuma libaki dukani.

Betri ifungwe fyuzi karibu kabisa na kichwa chake chanya, kabla waya haujasafiri popote. Mtungi wa gesi ukae nje au kwenye boksi lenye tundu la chini linalotoka nje, maana gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa sakafuni chini ya godoro. Jiko la mkaa lisiingie ndani ya kanopi, hata kama mvua inanyesha, hata kama limebaki majivu.

Springi zako za sasa, kama zimechoka, weka mpya za kimo cha kiwandani na shokapu mpya. Tairi soma namba ya ubavuni: 112, kwa mfano, maana yake tairi moja inabeba hadi kilo 1,120, ikiwa na upepo unaotakiwa. Wakala wako wa bima mwandikie kwamba umebadilisha gari, asije akalijua siku ya ajali.

Wiki moja kabla ya safari pakia kila kitu, jaza mafuta, jaza maji, panda na mama watoto na watoto, mwende kwenye mizani ya wanunuzi wa chuma chakavu. Pima mara tatu: magurudumu ya mbele peke yake, ya nyuma peke yake, na gari zima. Niandikie namba hizo tatu. Kama ya gari zima imepita 2,900, nitakuambia mabegi ya nani yabaki.