Marudio ya Langalanga: achana na muhtasari, weka mbio nzima

Mbio nyingi za Langalanga (Formula 1) zinazofanyika Ulaya huanza Jumapili saa kumi jioni kwa saa zetu, nami muda huo niko kazini. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa mtu wa marudio, na kuna mambo nimejifunza kwa machungu.

Kwanza simu. Zima data kabla mbio hazijaanza, wala usiiwashe eti usome ujumbe mmoja tu. Kwenye kundi letu la WhatsApp hakuna mwenye huruma. Ila adui ambaye wengi hawamfikirii ni ule mstari wa muda chini ya video. Mbio za kawaida huchukua chini ya saa mbili. Ukikuta video ina saa tatu, umeshajua bendera nyekundu, ile ya kusimamisha mbio, ilitoka, na utakaa unaisubiri. Mimi hubandika karatasi chini ya kioo cha kompyuta. Mke wangu ameshazoea.

Na ukiambiwa mshindi? Novemba 2024, baada ya mbio za Brazil, shemeji alifungua mlango tu: "Shem, umemwona Max?" Yaani dereva Max Verstappen ameanza wa 17, ameshinda. Kwa hasira nikatazama muhtasari, nikaona mtu anawapita wenzake kwenye mvua, basi. Siku mbili baadaye nikaweka mbio nzima, ndipo nikaelewa. Norris na Russell, waliokuwa mbele, waliingia kubadilisha tairi. Ocon, Verstappen na Gasly wakagoma kuingia, mvua inazidi, magari yanateleza kama yako kwenye sabuni. Mara Colapinto akagonga ukuta, bendera nyekundu ikatoka, na kanuni zinaruhusu kubadilisha tairi mbio zikiwa zimesimama. Wale watatu wakapata bure kitu ambacho wenzao walikuwa wamekilipia kwa sekunde nyingi. Ndio haohao watatu waliopanda jukwaani. Ule ubishi wao wa kukaa nje kwenye mvua muhtasari uliuruka, na kwangu mbio zilikuwa pale.

Kuna vya kuruka, sikatai. Canada 2011 ilichukua saa nne na dakika nne, na zaidi ya saa mbili ni kungoja mvua. Peleka mbele bila aibu. Magari yakirudi barabarani usiguse kitu: Button, aliyekuwa ameshuka hadi mkiani, alimpita Vettel aliyekuwa akiongoza, kwenye mzunguko wa mwisho, akashinda.

Bando likiwa dogo, shusha ubora wa picha. Kwenye mvua hata hivyo huoni kitu.

Ukishamjua mshindi, mfuate mtu mwingine. Ile Brazil niliirudia nikimfuatilia Norris peke yake, aliyeanza wa kwanza akamaliza wa sita. Nilijua atafikia wapi. Sikujua atateleza kona gani.